Kabla mwanao hajapanda ndege, tuzungumze kuhusu Novemba

Kazi yangu ni kuwaandaa vijana wanaokwenda kusoma nje. Wazazi wanaokuja ofisini kwangu hapa Kinondoni huuliza zaidi mambo ya viza: kipimo cha kifua kikuu kwa anayekwenda Uingereza, akaunti maalumu ya benki kwa anayekwenda Ujerumani, ambayo tangu 2024 hudai yuro 11,904 kwa mwaka. Hayo yana majibu. Mimi huwarudisha kwenye Novemba, giza linapoanza.

Sisi tunahesabu saa kwa jua. Saa kumi ni alasiri, watoto bado wanacheza mpira mtaani. Edinburgh, mji wa Uskoti kule Uingereza, mwezi wa Desemba saa kumi jua limeshazama, na kesho yake halichomozi mpaka karibu saa tatu asubuhi. Kijana Mwislamu anakuta adhuhuri, alasiri na magharibi zimebanana ndani ya saa nne. Usingizi unavurugika, hamu ya kula inapotea, na wengi hujiona wamekuwa wavivu. Si uvivu, mwili umekosa mwanga. Atoke nje mchana, hata kwenye baridi, na hali ikizidi amwone daktari.

Tatizo ni kwamba hasemi. Ukoo mzima ulichanga, akaagwa kwa pilau na dua. Ataanzaje kusema amechoka? Kila akipigiwa anajibu, "Niko poa."

Binti mmoja niliyemwandaa alikaa wiki sita bila kuingia semina. Huko mwanafunzi hutarajiwa kuhoji hoja za mwalimu, naye alilelewa akijua kumpinga mkubwa ni kukosa adabu. Nyumbani hawakujua lolote, mpaka siku mama yake alipoacha kuuliza masomo, akamuuliza, "Mwanangu, leo umekula nini?" Akalia, kisha akasema yote. Wiki ile akamwendea mwalimu wake, wakakubaliana aanze kwa kuleta swali moja la maandishi kila semina. Kufika Machi alikuwa anabishana kwa hoja, na aliporudi Dar alirudi nalo jambo hilo. Kwangu lina thamani kuliko cheti.

Siku hizi, kabla ya safari, namwomba mzazi amwambie kijana mbele yangu: "Ukielemewa, sema. Tulichokichanga si deni." Baba mmoja alikaa kimya muda mrefu kabla ya kuyatamka, na mwanawe akamshika mkono.