Alumini safi siyo iliyo imara zaidi

Wengi huamini alumini ikiwa safi ndiyo imara, na kuichanganya ni kuichakachua. Kwa vyombo vya kusubu, yaani vinavyotengenezwa kwa kumimina metali iliyoyeyuka, mambo ni kinyume: alumini tupu ni laini mno, na rimu ya gari ya namna hiyo ingepinda kwenye shimo la kwanza.

Rimu nyingi husubiwa kwa aloi (alumini iliyochanganywa) iitwayo A356, yenye silikoni kama asilimia 7 na magnesi kama asilimia 0.3. Silikoni huifanya metali itiririke vizuri kwenye kalibu na kupunguza nyufa inapoganda. Magnesi, kwa udogo wake huo, ndiyo ya ajabu zaidi. Rimu ikipashwa moto hadi nyuzi 540 za Selsiasi hivi, ikatumbukizwa majini, kisha ikapashwa tena taratibu, magnesi na silikoni huunda chembe ndogo sana zinazozuia matabaka ya atomi kuteleza. Nguvu hupanda.

Silikoni yenyewe ina kasoro: huganda kwa vipande vyenye ncha, metali ikawa rahisi kukatika. Mvumbuzi Aladar Pacz, aliyepata hataza Marekani mwaka 1921, alionyesha kwamba sodiamu kidogo huvilainisha. Siku hizi strontiamu hutumika sana.

Uchafu wa kuogopwa ni chuma, ambacho alumini chakavu huja nacho kwa wingi. Kikizidi, huunda sindano ngumu ndani ya metali, na ufa huanzia hapo.