Zoezi la dharura "bila kosa" ndo linanipa wasiwasi

Juzi tena. Mtu kanitumia kichwa cha habari, kituo fulani cha nyuklia kimemaliza zoezi la dharura "bila dosari hata moja", na chini yake kaandika: umeona sasa, kumbe ulikuwa unatutisha bure. Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Kila mara imani ni ileile, kwamba zoezi ni mtihani, ukipata mia kwa mia uko tayari, ukikosea umefeli na mkaguzi anakushukia na kalamu nyekundu. Mimi kazi yangu ndo hiyo ya kukagua utayari wa dharura, nimekaa pembeni ya simyuleta, kile chumba cha mfano cha kuendeshea mtambo, na daftari miaka kibao, na ripoti ikiniambia hakuna aliyekosea huwa naisoma mara mbili.

Kwanza yale madogo, haraka haraka. Mkaguzi wa dharura hakagui pampu na vali, wapo wengine wa kazi hiyo. Vidonge vya iodini sio dawa ya mionzi, vinaijaza tezi ya shingo ili isifyonze iodini yenye mionzi, basi, sesiamu, nayo ina mionzi, haina habari navyo. Na lile duara la kilomita 16 kuzunguka mtambo kwenye ramani halimaanishi kila aliye ndani anakimbia, mara nyingi ushauri wa kwanza ni pete ya ndani ya kilomita 3 hivi pande zote, halafu kipande kile upepo unakoelekea hadi kilomita 8 hivi, kwenye ramani linatoka umbo la tundu la ufunguo. Waliobaki wanakaa ndani, wanasikiliza redio. Tumemaliza hayo.

Sasa kinachoniuma. Kanuni ninazozijua vizuri ni za Marekani, za NRC, yaani tume yao ya kusimamia nyuklia, kwa hiyo nitatolea mifano huko. Zoezi kubwa linafanyika kila baada ya miaka 2, wakaguzi tunajigawa, mmoja simyuleta, mmoja kwenye kituo cha msaada wa kiufundi, mwingine kule wanakokadiria dozi ya mionzi na kuongea na serikali za majimbo na mitaa. Wachezaji, yaani wafanyakazi wa kituo walio kwenye zoezi, wanacheza, kontrola, yaani wenzao wanaoliendesha zoezi, wanawapa data, sisi tunaandika. Na hapa ndo watu hawaelewi: mchezaji akikosea katikati ya zoezi, kosa lile peke yake sio kasoro ya kituo kwenye ripoti yangu. Linaingia kwenye kiashiria chao, ile asilimia ya mara walizopatia, kama nafasi waliyoikosa, sawa, lakini kasoro inakuja pale ambapo wao wenyewe wamekaa kujikosoa baada ya zoezi, wameandika orodha yao, wameipeleka kwa wakubwa wao, na kosa lile halimo. Yaani tunachokagua hasa ni macho yao. Zoezi ni chambo tu.

Ndo maana tunakaa kimya. Unaona kosa kubwa saa 4 asubuhi, unaliandika, unafunga daftari, unameza mate. Huruhusiwi kukohoa kwa maana. Unasubiri siku mbili tatu uone kama watalitaja.

Nitawapa moja. Kituo sikitaji. Fomu ya kuwajulisha watu wa nje inauliza upepo unatoka digrii ngapi. Unatoka, sio unakwenda. Siku hiyo ulikuwa unatoka 90, mashariki, kwa hiyo wa kuondoka ni watu wa magharibi. Jamaa wa dozi kasoma 90, akaanza kuwaza moshi unaelekea wapi, mkono ukaandika 270, na tundu la ufunguo likageuka nyuma mbele. Kwenye karatasi tukawaondoa watu wa mashariki waliokuwa na hewa safi kabisa, wa magharibi tukawaambia wakae nyumbani. Fomu ikasainiwa. Ikasomwa kwenye simu kwa sauti nzuri, dakika 9 tu tangu watangaze, na kwenye ukuta mtu akachora alama ya tiki kubwa maana muda ni dakika 15. Wakapongezana.

Jioni kikao cha kujikosoa. Orodha ya kwanza: redio moja betri dhaifu, viti havikutosha, mawasiliano yalikuwa mazuri sana. Mimi nimekaa nyuma na daftari kifuani. Wanakaribia kufunga, dada mmoja aliyekuwa kontrola kwenye chumba cha dozi akanyanyua mkono, akasema samahani wakuu, ule upepo. Chumba kikapoa. Meneja wao uso ulibadilika kama kapigwa kibao, na mimi kwa mara ya kwanza siku ile nikapumua, kwa sababu hapo ndo nilijua kituo hiki kina watu. Wakaliandika, wakalichimba hadi kwenye muundo wa fomu yenyewe, na ripoti yangu haikuwa na kasoro kwa jambo hilo. Kesho yake meneja ananifuata, "Inspekta, bora angenyamaza tu yule." Nikamwambia mzee, angenyamaza leo mimi na wewe tungekuwa na maongezi mengine kabisa.

Hilo ndo waandishi wa habari wangeliita "zoezi lenye makosa".

Kitu kingine kinachowachanganya watu ni saa. Kila mtu kwenye kazi hii anajua dakika 15 za kutangaza ngazi ya dharura (zipo nne, ya nne ndo kubwa kuliko zote, dharura ya jumla) na nyingine 15 za kuwajulisha majimbo na mitaa ya jirani. Swali ni saa inaanza lini. Wachezaji wanapenda ianze pale msimamizi wa shifti anaposema "nimeona". Hapana. Inaanza pale dalili zilipopatikana kwa waendeshaji, alamu imewaka, geji imesoma, hata kama wote walikuwa wanaangalia paneli nyingine. Ungekuwa na dakika 15 kuanzia uliposhtuka, basi asiyeshtuka kabisa hachelewi milele, si ndio? Nimebishana hili na watu wenye leseni za kuendesha riakta, watu wenye akili nyingi kuliko mimi, hadi kahawa imepoa. Halafu wanasema mkaguzi anajali karatasi. Ajali ya kituo cha nyuklia cha Three Mile Island, Marekani, tarehe 28 Machi 1979, mambo yalianza saa 10 alfajiri, dharura ya jumla ikatangazwa saa 1 na dakika 24 asubuhi. Yaani zaidi ya masaa 3 yamepita. Dalili zilikuwepo, alamu zilikuwa nyingi mno, vali iliyokwama wazi ilikuwa inamwaga maji ya kupoza na taa kwenye paneli ikawafanya waamini imefungwa. Siku mbili baadaye gavana akashauri wajawazito na watoto wadogo walio ndani ya maili 5 waondoke, na wakaondoka watu kama 140,000 hivi, wengi wao hawakuambiwa na mtu. Ukichelewa kusema watu wanajisemea wenyewe.

Sasa nikiri na yangu, maana vitabu vya kozi haviandiki hivi.

Zoezi linajulikana tarehe. Watu wanakuja wamenyoa. Kwa miaka mingi senario zilikuwa na mwendo mmoja, ngazi ya pili asubuhi, ya tatu saa 4, ya nne kabla ya chakula cha mchana na mionzi inatoka muda huohuo, hadi ukawa unaona mtu kashika fomu ya ngazi ya nne mkononi kabla geji haijasogea. Mwaka 2011 Wamarekani wakabadilisha kanuni, ndani ya mzunguko wa miaka 8 lazima kuwe na zoezi la shambulio la maadui, zoezi la kupanda ngazi ghafla, na zoezi ambalo mionzi haitoki au inatoka kidogo tu isiyohitaji kuhamisha mtu. Hilo la mwisho ndo nalipenda kuliko yote, kwa sababu wachezaji wanakaa wanasubiri mionzi kama wasafiri wanasubiri basi, haiji, na wengine wanaanza kuitafuta! Nimemwona mtu anashauri kuhamisha watu kwa sababu tu ilikuwa karibu na muda wa kuhamisha watu.

Kiashiria nacho. Mstari wa kijani, yaani wa kuridhisha, kwa usahihi wa kutangaza, kujulisha na kushauri ni asilimia 90. Vituo vinakaa juu ya hapo, chati zinapendeza. Lakini asilimia 90 ya nini? Ya nafasi ambazo nyingi zimetengenezwa na wenzao wa kitengo cha mafunzo, kontrola amesimama pembeni, na kontrola mwenye huruma anaweza kumpa fundi kipimo cha mionzi kabla fundi hajawasha hata kifaa. Hiyo naiangalia kwa makini kuliko chochote. Kama hujawasha kifaa, hujasoma stika ya kalibresheni inayoonyesha kifaa kimehakikiwa, huna namba, hata kama mimi nakuona unaihitaji. Wananiona mkorofi kwa hilo.

Na kuna ajali ya Fukushima, Japani. Kituo cha kuratibu dharura nje ya mtambo kilikuwepo, kwenye mpango kilikuwepo, kilomita 5 hivi kutoka kwenye riakta. Tetemeko la tarehe 11 Machi 2011 likakata umeme na mawasiliano, jengo halikuwa na vichujio vya hewa vya kuzuia mionzi, na tarehe 15 wakalihama. Huku nje amri za kuhama zilikuwa zinakua, kilomita 3, kesho yake 10, siku hiyohiyo 20, na wagonjwa wa hospitalini na wazee wa kwenye makao wakafa kwa ajili ya safari yenyewe. Nikisoma mpango wowote sasa naanza na kuuliza jengo hili likizimika mnaenda wapi, na mabasi ya wagonjwa mahututi yanapanda na nesi gani. Majibu ya la kwanza huwa mazuri. La pili huwa naambiwa ni la watu wa nje, sio la mtambo, ambayo kikanuni ni kweli.

Lakini linaloniweka macho ni dogo zaidi. Kuna zoezi la kuwaita watu bila taarifa, usiku, mfumo unapiga simu, kila mmoja anabonyeza namba kusema atafika baada ya dakika ngapi. Mara nyingi hakuna anayekuja kweli, tunahesabu majibu. Majibu huwa mazuri, nafasi zote zinajaa. Siku moja nikamuuliza fundi wa mionzi, kijana, anakaa ndani ya zile kilomita 16, kwamba ile dakika 40 uliyobonyeza, ingekuwa kweli ungekuja? Akafikiri. Akasema, "Nakuja mkuu, ila kwanza nawapeleka watoto kwa mama yao mkubwa." Kwa mama mkubwa ni mbali gani? "Saa moja na nusu, kama barabara haina watu."

Fomu ya zoezi haina kiboksi cha hilo. Kwenye hesabu yule kijana ni dakika 40.