Jeni za uvimbe wa tezi ya shingo: nani apimwe, na kwa nini

Mtaani ukisema "tezi", wengi hufikiria tezi dume. Hapa tunazungumzia tezi ya shingo, ile yenye umbo la kipepeo iliyokaa chini kidogo ya koromeo, ambayo hospitalini huitwa thairoidi. Siku hizi mgonjwa wa saratani ya tezi hii anaweza kuambiwa kwamba uvimbe wake unafaa kupimwa jeni. Familia nyingi hulipokea neno hilo kwa hofu, kana kwamba ukoo mzima umepatikana na ugonjwa. Kwa wengi sivyo. Kwa wachache ndivyo hasa, na hao ndio ninaotaka wasipitwe.

Nina kinundu shingoni. Nikapime jeni?

Bado. Vinundu vya tezi ni vya kawaida sana, na vingi mno si saratani. Kwanza ni picha ya ultrasaundi, kisha, ikibidi, sindano nyembamba ya kufyonza seli. Majibu ya sindano hupangwa katika makundi sita: kundi la 2 ni salama, la 6 ni saratani. Shida iko kwenye la 3 na la 4, ambapo mtaalamu anatazama seli kwa darubini na hawezi kusema ni lipi. Zamani ilibidi nusu ya tezi ikatwe ndipo ijulikane. Kwa kinundu cha namna hiyo, kipimo cha jeni kinaweza kumwepusha mtu na kisu. Ni cha bei kubwa, kwa hiyo kwetu upasuaji bado ndio njia ya wengi, na si njia mbaya.

Jeni za uvimbe si ndizo nilizozaliwa nazo?

Hapana, na hili ndilo linalochanganya watu kuliko yote. Uvimbe huanza na seli moja iliyokosea wakati wa kujigawa. Kosa hilo limo ndani ya uvimbe tu. Halimo kwenye damu yako wala kwenye mbegu au yai unalompa mwanao.

Chukua jeni iitwayo BRAF. Kazi yake ni kupokea amri ya kukua na kuipeleka ndani ya seli, kisha kunyamaza. Herufi moja tu ya jeni hiyo ikibadilika, kosa linaloitwa V600E, jeni hainyamazi tena: seli inaamriwa kukua usiku na mchana. Karibu nusu ya saratani za papilari, aina inayoongoza kwa wingi, zina kosa hili, na halirithiwi. Baada ya ajali ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl mwaka 1986, watoto walikunywa maziwa ya ng'ombe waliokula nyasi zilizoangukiwa na iodini yenye mionzi. Tezi zao zikaifyonza iodini hiyo, na kwenye uvimbe wa wengi ilikutwa jeni ya RET imekatika na kuungana na jeni nyingine. Hilo nalo ni jeraha walilopata wakiwa hai, si urithi.

Kwa hiyo watoto wangu hawahusiki?

Inategemea aina, na hapa naomba usome polepole. Kama ripoti ya maabara inasema *medulari*, watoto wako wanahusika.

Takriban mgonjwa mmoja kati ya wanne wa saratani ya medulari amezaliwa na kosa la jeni ya RET katika kila seli ya mwili. Hao huhitaji kipimo cha damu, si cha uvimbe peke yake. Kila mgonjwa wa medulari anastahili kipimo hicho, hata kama hajawahi kusikia saratani kwenye ukoo wake. Akikutwa nalo, kila mtoto wake ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kulirithi.

Mtoto aliyelirithi anaweza kuokolewa kabla saratani haijaanza, kwa kutolewa tezi. Umri hutegemea kosa liko wapi ndani ya jeni: likiwa kwenye sehemu ya 918, tezi hutolewa ndani ya mwaka wa kwanza wa maisha; likiwa kwenye ya 634, akifika miaka mitano au kabla. Baada ya hapo atameza kidonge cha homoni ya tezi kila siku maisha yake yote, atakua na kusoma kama wenzake. Mtoto ambaye hakulirithi anaachwa kwa amani, bila kuchomwa sindano kila mwaka.

Kuna la kukumbusha kabla ya upasuaji wowote wa medulari: kosa hilohilo la RET linaweza kuleta uvimbe kwenye tezi zilizo juu ya figo, unaopandisha shinikizo la damu ghafla. Mtu akilazwa kwa usingizi wa upasuaji bila uvimbe huo kutafutwa, anaweza kufia mezani.

Mimi ni papilari na nimeshafanyiwa upasuaji. Nidai kipimo?

Mara nyingi hakuna haja. Wengi hupona kwa upasuaji, na baadhi huongezewa iodini yenye mionzi. Kipimo kinaanza kuwa na maana pale ugonjwa umefika kwenye mapafu au mifupa na iodini haiukamati tena. Uvimbe ukiwa na kosa la RET au la jeni nyingine iitwayo NTRK, zipo dawa zinazolenga kosa hilo, kama selpercatinib na larotrectinib. Huupunguza uvimbe, wakati mwingine kwa miaka, ila ni ghali na kwa kawaida haziufuti ugonjwa. Muulize daktari mapema kama dawa yenyewe inapatikana, kabla familia haijauza shamba kulipia kipimo.

Anaplastiki, aina nyingine ya saratani ya tezi hii, ni habari nyingine. Hiyo hukua kwa wiki, sauti inakauka, pumzi inabana. BRAF ipimwe siku hiyohiyo nyama ilipokatwa, kwa sababu wenye V600E wana tiba ya dawa mbili, dabrafenib na trametinib, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2018. Kabla yake karibu hakukuwa na la kuwapa.

Nitakatwa tena ili nipimwe?

Kwa kawaida hapana. Nyama iliyotolewa huhifadhiwa ndani ya kipande cha nta, na jeni husomeka humo hata baada ya miaka. Kinachoziharibu ni kukaa kwenye formalini, maji ya dawa ya kuzuia nyama isioze, siku nyingi kupita kiasi kabla ya kuwekwa kwenye nta; zaidi ya siku tatu si vizuri. Ukipewa kipande hicho upeleke hospitali nyingine, usikiache ndani ya gari juani. Nta huyeyuka.

Baba alifariki kwa medulari bila kupimwa. Tumechelewa?

Hamjachelewa. Ninyi watoto mnaweza kupima RET kwa damu zenu wenyewe, na kuongeza kipimo cha homoni ya kalsitonini pamoja na ultrasaundi ya shingo. Kisha ulizeni maabara kama nta ya baba bado ipo. Mkiipata, waombeni wasome pia nyama isiyo na saratani, kama ipo. Kosa la RET likikutwa kwenye uvimbe peke yake, huenda lilitokea humohumo. Likikutwa na kwenye nyama isiyo na saratani, baba alizaliwa nalo, na shangazi na baba zenu wadogo nao waitwe.