Kipimo cha kingamwili hakisemi kama una virusi leo

Wengi huamini kwamba kipimo cha damu cha kingamwili za UVIKO-19 kikitoka chanya, mtu anaumwa na ataambukiza wengine; kikitoka hasi, yuko salama. Ni rahisi kufikiri hivyo, maana vipimo vingi tulivyozoea husomwa hivyohivyo.

Kipimo hiki hakitafuti virusi. Kinatafuta protini ambazo mwili hutengeneza kupambana navyo, na hizo huchelewa: kwa kawaida huanza kuonekana wiki 1 hadi 3 baada ya maambukizi. Kwa hiyo mtu aliyeanza kukohoa juzi anaweza kupata jibu hasi huku koo lake limejaa virusi. Aliyepona zamani naye anaweza kupata chanya, kwa kuwa IgG, aina mojawapo ya kingamwili, hudumu mwilini kwa miezi.

Chanjo nayo huleta chanya. Chanjo nyingi hufundisha mwili kuitambua protini ya mwiba iliyo juu ya kirusi, basi anayetaka kujua kama aliwahi kuambukizwa hupimwa kingamwili za protini ya ndani, inayoandikwa N.

Ukipewa karatasi ya majibu, tazama kwanza sehemu ya sampuli. Ikiwa ni damu na pameandikwa IgM au IgG, hapo ni kingamwili. Maambukizi ya sasa hutafutwa kwa kijiti cha puani au kooni, kwa PCR (kipimo kinachotafuta vinasaba vya virusi) au antijeni (kinachotafuta protini za virusi vyenyewe). Tarehe ya kuchukuliwa sampuli nayo ni muhimu. Ilinganishe na siku dalili zilipoanza.