Kingo zenye meno kwenye gemu: tazama zinatoka wapi kabla ya kugusa mipangilio

Ingia Los Santos, mji wa kwenye GTA V, mchana wa jua kali, usimame chini ya nguzo ya umeme na kuzitazama nyaya. Kama hujawasha chochote cha kulainisha kingo, waya hauonekani mstari mmoja. Umekatika vipande vipande, kila kipande kimepanda au kushuka hatua moja, na ukianza kutembea vipande hivyo vinahama na kumetameta. Hapo ndipo wengi hufungua menyu, wakatafuta palipoandikwa Anti-Aliasing na kupandisha namba hadi mwisho. Gemu inaanza kukwama, na meno mengine bado yapo.

Swali la kwa nini meno hayaishi hata baada ya kupandisha namba huletwa mara kwa mara kwenye kitengo chetu cha mafunzo ya kompyuta, nami kabla ya kujibu huuliza kwanza: meno hayo unayaona wapi? Kwenye waya na paa za nyumba? Kwenye majani na nyavu za uzio? Au yanatokea tu unapotembea? Kila sehemu ina dawa yake, na dawa ya moja haiponyi nyingine.

Kioo cha kompyuta ni safu za nukta za mraba, yaani pikseli. Kioo cha 1920 kwa 1080 kina pikseli 2,073,600. Laptop nyingi za ofisini zinazouzwa kwa mtumba zina 1366 kwa 768, zaidi kidogo ya milioni moja. Kila pikseli hubeba rangi moja tu. Kadi ya grafiki huuliza katikati ya pikseli: hapa kuna waya au kuna anga? Jibu ni moja, nusunusu haipo. Msusi wa mkeka anajua jambo hili: ua la duara likisukwa kwa ukili mpana, ukingo wake hutoka na vidato. Waya mwembamba kuliko pikseli hupita kati ya vituo viwili vya kuuliza bila kuguswa, ndiyo sababu unakatika. Frank Crow alilichambua tatizo hili kwenye makala yake ya mwaka 1977, na mzizi haujabadilika hadi leo: maswali ni machache kuliko undani wa umbo.

Kwa hiyo anza na rezolusheni, yaani idadi ya pikseli ambazo gemu inachora. Kama kioo chako ni 1920 kwa 1080 na gemu umeiweka 1280 kwa 720, kila pikseli ya gemu inatandazwa juu ya zaidi ya pikseli mbili za kioo, na meno yanakuwa makubwa zaidi huku picha ikiingia ukungu. Inaniuma kuona kijana akishauriwa kununua kadi mpya wakati kumbe rezolusheni ya gemu haijalingana na ya kioo. Ukubwa wa kioo nao una neno. Pikseli 1920 kwa 1080 kwenye laptop ya inchi 15.6 ni kama 141 kwa kila inchi. Pikseli hizo hizo kwenye kioo cha inchi 27 ni kama 82. Mwenye kioo kikubwa ataona meno ambayo mwenye laptop hayaoni kabisa, ingawa gemu na mipangilio ni ile ile.

Sasa turudi kwenye waya. MSAA, mojawapo ya njia za kulainisha kingo utakazokuta kwenye menyu, ilitengenezwa kwa ajili ya kingo za namna hii. Kadi huuliza mara 2, 4 au 8 ndani ya pikseli moja kama umbo linaigusa, lakini rangi ya umbo inaikokotoa mara moja tu. Pikseli ambayo waya umechukua robo yake inapata robo ya rangi ya waya na robo tatu ya rangi ya anga, na jicho linaona mstari ulionyooka. Picha inabaki kali.

Ila sogea kwenye uzio wa wavu wa chuma. Ndani ya gemu uzio huo kwa kawaida haujaundwa waya kwa waya. Ni bapa moja lililobandikwa picha ya wavu yenye matundu, na majani ya miti hutengenezwa vivyo hivyo. MSAA inaona ukingo wa bapa tu. Matundu yaliyo ndani yake haiyahesabu, isipokuwa watengenezaji wameweka utaratibu wa ziada. Mng'ao wa jua kwenye bati la gari nao haiugusi. Ndiyo maana mtu anaweka 8x na bado miti inametameta.

Bei yake nayo si ndogo. Gemu nyingi kubwa za miaka ya karibuni huhifadhi kwanza taarifa za kila pikseli, rangi yake, uso umeelekea wapi, umbali gani, halafu ndipo zinapaka mwanga. Kwa MSAA ya 4x, taarifa hizo zinahifadhiwa mara nne. GTA V ni mojawapo, na juu ya ukurasa wake wa mipangilio kuna mstari unaoonyesha kumbukumbu ya kadi inayotumika: panda kutoka 2x hadi 8x uone unavyokimbia. Laptop isiyo na kadi yake yenyewe huumia zaidi, kwa sababu grafiki zinagawana RAM na mfumo mzima. Kama laptop hiyo ina kijiti kimoja cha RAM na nafasi ya pili iko tupu, kuongeza kijiti cha pili kinacholingana kunaweza kukusaidia kuliko mipangilio mingi kwenye menyu.

Kwa laptop ya namna hiyo ninapendekeza njia nyingine, FXAA. Aliyeitengeneza ni Timothy Lottes wa NVIDIA. Inasubiri picha ikamilike, inatafuta mahali rangi zinapopishana ghafla, kisha inazichanganya. Haijali kama ni waya, jani au wavu, na gharama yake ni ndogo sana. Hasara yake ni ukungu kidogo. SMAA, ikiwepo, ichukue badala yake. Hufanya kazi ya aina hiyo kwa uangalifu zaidi. Lakini usiwashe FXAA kupitia paneli ya dereva, yaani programu inayoendesha kadi, kama gemu yenyewe inayo, maana ile ya dereva hupita hadi juu ya maandishi na ramani ya pembeni.

Counter-Strike 2 ni habari tofauti. Menyu yake ina CMAA2, inayolainisha picha iliyokamilika kama FXAA, kisha MSAA ya 2x, 4x na 8x. Hapa kichwa cha adui kwa mbali ni pikseli chache tu, na ukungu ni hasara ya kweli. Weka 4x kama fremu, yaani picha kamili ambazo kadi inachora kila sekunde, hazishuki chini ya idadi ambayo kioo chako kinaweza kuonyesha kwa sekunde. Zikishuka, rudi 2x au CMAA2.

Tatizo la tatu, kumetameta unapotembea, ni kazi ya TAA. Hii husogeza kamera kwa sehemu ndogo ya pikseli katika kila fremu, kisha huchanganya fremu mpya na zilizopita. Baada ya fremu kadhaa, pikseli moja imeulizwa maswali mengi bila kadi kulipa yote kwa mpigo. Waya, majani na mng'ao vyote vinatulia. Gharama inahamia kwenye mwendo: kitu kinachokwenda kasi kinaweza kuburuta kivuli chake nyuma, na picha ya 1080 inalegea. Red Dead Redemption 2 inajulikana kwa ulegevu huo, na ina kitelezi cha kuongeza ukali pamoja na TAA. Kipandishe kidogo kidogo. Kikizidi, kingo zinapata mstari mweupe. Ukizima TAA kabisa kwenye gemu hiyo, nywele na miti vinatoka vidoadoa, kwa kuwa vilichorwa vikitegemea fremu zilizopita kuvimalizia.

DLSS ya NVIDIA, FSR ya AMD kuanzia toleo la 2, na XeSS ya Intel zinafuata njia hiyo hiyo ya kukusanya fremu, ila zinaanza na picha ndogo na kuikuza. DLSS inadai kadi ya NVIDIA ya aina ya RTX. FSR 2 inakubali kadi nyingi, hata zisizo za AMD. Kumbuka kwamba kwenye kioo cha 1080, ngazi ya Quality ya DLSS na FSR inachora 1280 kwa 720. Fremu zinaongezeka, lakini waya wa mbali una taarifa chache za kuanzia. Kama kadi ya RTX inazo nguvu za kutosha, DLAA hulainisha bila kupunguza rezolusheni, na ningeichagua hiyo kwanza.

Unapolinganisha, usitegemee picha uliyoigandisha, kwa kuwa kumetameta na vivuli vya TAA havionekani humo. Simama mahali pamoja, penye waya, mti na uzio kwa pamoja, zungusha kamera polepole, kisha kimbia mbele. Badilisha mpangilio mmoja tu, urudie njia ile ile. Tazama pia muda wa fremu: kwa fremu 60 kwa sekunde una milisekunde 16.7, na ulainishaji unaokula 4 kati ya hizo umechukua karibu robo ya bajeti yote. Na kama kinachokusumbua ni michirizi ya barabara inayofifia kwa mbele, hilo si suala la kingo. Weka Anisotropic Filtering 16x. Kwenye kadi nyingi gharama yake haionekani.