Katalogi ya usajili: kwa nini michezo ya video ya zamani hukodishwa kwa mwezi

Katalogi ya usajili ni mkusanyo wa michezo ya video ambao mchezaji hupewa ruhusa ya kuutumia kwa kulipa ada ya mwezi au ya mwaka, badala ya kununua mchezo mmoja mmoja. Maadamu ada inalipwa, anaweza kupakua mchezo wowote uliomo na kuucheza kadiri apendavyo. Ada ikikoma, mchezo hubaki ndani ya mashine lakini haufunguki. Sehemu kubwa ya michezo hiyo si mipya. Ni ile iliyokwisha kukaa sokoni miaka miwili, mitano au hata ishirini, ikafika mahali ambapo hainunuliwi tena kwa bei ya kumridhisha aliyeitoa. Kwa mkazi wa Lubumbashi, aliyezoea abonema ya televisheni tangu zamani, namna ya kulipa haina ugeni wowote. Kinachohitaji maelezo ni sababu zinazomfanya mwenye mchezo akubali kuutoa kwa njia hiyo, na kile ambacho mlipaji anapata hasa.

Katika biashara hii kuna watu watatu wanaochanganywa mara nyingi. Mtengenezaji ndiye anayeuunda mchezo: anachora, anaandika programu, anatia sauti. Mchapishaji, kama Electronic Arts, Ubisoft au Take-Two, ndiye anayetoa fedha, anayeutangaza mchezo na, mara nyingi, anayemiliki haki zake. Mwenye jukwaa, yaani Sony, Microsoft au Nintendo, ndiye mwenye mashine na duka lililomo ndani yake. Kampuni moja inaweza kuvaa kofia zote tatu, na Nintendo ni mfano wa wazi. Hata hivyo, anayeamua kwamba mchezo fulani umefika wakati wa kuingia katika katalogi ni mwenye haki, na uamuzi wake hufuata hesabu ya umri wa mchezo.

Mchezo mkubwa hugharimu mamilioni ya dola, na nyingi kati ya hizo hutumika kabla ya nakala ya kwanza kuuzwa. Mauzo yake huwa makali katika majuma ya mwanzo, wakati wapenzi wa mfululizo huo wanapokubali kulipa dola 60 au 70 bila kusita, kisha hushuka. Mchapishaji hupunguza bei kidogo, baadaye hupunguza nusu, baadaye huuza kwa robo wakati wa sikukuu, na kila punguzo humnasa mnunuzi mwenye mkono mzito kuliko wa kabla yake. Mwishowe hubaki kundi la watu ambao hawataununua mchezo huo kwa bei yoyote, ingawa wangeujaribu kama ungekuwa mbele yao bila malipo ya ziada. Ni kundi hilo ambalo usajili unalilenga. Kwa kuwa nakala moja zaidi ya mchezo wa kupakua haimgharimu mchapishaji karibu chochote, kila senti inayotoka kwa kundi hilo ni faida juu ya mali ambayo, katika vitabu vya hesabu, ilikwisha kujilipa.

Strauss Zelnick, mkuu wa Take-Two, kampuni inayomiliki Grand Theft Auto, amelieleza jambo hili hadharani mara kadhaa: kwa maoni yake, usajili unafaa kwa michezo ya zamani, lakini kuweka mchezo mpya wa gharama kubwa humo siku ileile unapotoka ni kujipunguzia mapato. Vitendo vya kampuni yake vinalingana na maneno hayo. Grand Theft Auto V, iliyotoka mwaka 2013, imeingia na kutoka katika Game Pass, katalogi ya usajili ya Microsoft, zaidi ya mara moja, kila mara kwa muda wenye kikomo.

Katika mfumo tunaoujua leo, Electronic Arts ilikuwa miongoni mwa wachapishaji waliotangulia. Mwaka 2014 ilifungua EA Access kwenye Xbox One, mashine ya Microsoft, kwa dola 5 hivi kwa mwezi, ikaweka humo michezo yake ya miaka iliyopita. Mwaka 2020 huduma hiyo ilibadilishwa jina ikawa EA Play. Microsoft ilileta Game Pass Juni 2017 kwa dola 9.99, ikiwa na michezo zaidi ya mia moja ya kampuni mbalimbali. Ubisoft ilianzisha huduma yake mwaka 2019, kisha ikatenga kifungu cha michezo yake ya zamani kiitwacho Ubisoft+ Classics. Sony ilipanga upya huduma yake ya usajili, PlayStation Plus, mwaka 2022 katika ngazi tatu, ya kati ikiwa na mamia ya michezo ya PS4 na PS5, na ya juu ikirudi nyuma hadi enzi za PlayStation ya kwanza.

Microsoft ilivunja kanuni ya umri. Tangu mwaka 2018 iliahidi kuweka michezo ya studio zake katika Game Pass siku ileile inapotoka, na mwaka 2024 hata Call of Duty, mfululizo wake mkubwa wa michezo ya vita, iliingia kwa njia hiyo. Ahadi hiyo ni ghali, na aliyeilipia ni msajili: ngazi ya juu ya huduma hiyo, iliyokuwa dola 14.99 ilipoanza mwaka 2019, ilifika dola 29.99 Oktoba 2025. Mimi sioni ajabu. Mchezo wa zamani unaweza kukodishwa kwa bei rahisi kwa sababu kuna watu walioununua kwa bei ghali ulipokuwa mpya. Anayeondoa hatua hiyo ya kwanza lazima atafute fedha hizo mahali pengine.

Malipo kati ya mwenye jukwaa na mchapishaji hayafuati mpango mmoja. Mara nyingine mchapishaji hulipwa kiasi maalumu kwa kipindi maalumu, mchezo uchezwe na wengi au wachache. Mara nyingine malipo hutegemea muda au idadi ya wachezaji. Lakini ada hiyo si pato pekee analolitazamia. Mchezo wa mpira wa miguu ulioingia katika katalogi huja na soko lake la ndani, ambamo mchezaji hununua pakiti za wachezaji kwa fedha halisi. Mchezo wenye sehemu za nyongeza huwekwa ukiwa na shina tu, na matawi huuzwa kando. Isitoshe, toleo la pili linapokaribia kutoka, kuliweka la kwanza katika usajili ni tangazo zuri kuliko bango lolote: mtu akimaliza la kwanza leo, hadithi inamdai la pili kesho.

Anayetaka kuelewa tofauti kati ya kukodi na kumiliki aingie katika chumba cha PlayStation huko Katuba au komuni ya Kenya. Kwa miaka mingi vijana wa Lubumbashi wamecheza bila kumiliki mashine wala diski: unalipa franka zako kwa mechi moja, unapewa manete, yaani kidhibiti cha mkononi, ambayo kifimbo chake kimelika mpira, unacheza, unampisha anayefuata. Hivyo mteja wa chumba na msajili wa Game Pass wako sawa kwa jambo moja: wote wawili hulipia nafasi, na wakiondoka hawabebi kitu. Wanaotofautiana ni wale wanaowapa michezo hiyo. Mwenye chumba ana diski mkononi. Akitaka ataiuza, ataiazima kwa jirani, ataiweka miaka kumi, na kwa kawaida hakuna mtu wa mbali atakayeamka asubuhi na kuizima.

Mwenye chumba huyohuyo akihamia kwenye usajili, hali yake hubadilika. Baadhi ya wenye vyumba hufanya hivyo, kwa sababu kwa ada moja hupata michezo mingi kuliko diski wanazoweza kuzinunua sokoni. Siku ada inapoisha bila kulipwa, picha za michezo hubaki zimepangwa kwenye skrini kama kawaida, ila zile za usajili hutokeza alama ndogo ya kufuli pembeni. Mteja akibonyeza, mashine humjibu kwa ujumbe wa leseni. Atamgeukia mwenye chumba: «Yaya, mbona huu unakataa?» Gigabaiti zote za mchezo zimo ndani ya mashine, zilishushwa kwa fedha na kwa usiku mzima wa kungoja, na bado hazimfai mtu.

Kufuli hilo laweza kuja hata kwa anayelipa bila kukosa, kwa kuwa katalogi haikai kama ilivyo. Mikataba ina mwisho, na kila mwezi michezo fulani huondoka ili mingine iingie. Nyuma ya mkataba wa mchapishaji na jukwaa kuna mikataba mingine isiyoonekana: ya nyimbo, ya majina ya wanasoka, ya nembo za magari. Forza Horizon 4, mchezo wa mbio za magari wa mwaka 2018, uliondolewa dukani na katika Game Pass Desemba 2024 kwa sababu leseni za vitu vilivyomo zilikuwa zinakwisha, ingawa Microsoft ndiye mwenye mchezo na ndiye mwenye duka. Mchezo mwingine, Alan Wake, uliondolewa madukani mwaka 2017 kwa ajili ya nyimbo, ukarudi mwaka uliofuata baada ya haki hizo kupatikana upya. Aliyekuwa ameununua mchezo wa namna hiyo kwa kawaida aliendelea kuucheza. Aliyekuwa msajili tu hakuwa na dai lolote.

Hata neno «kununua» lenyewe halina uzito uliokuwa nao siku za kaseti. The Crew, mchezo wa Ubisoft wa mwaka 2014 uliohitaji intaneti wakati wote, ulizimwa mwisho wa Machi 2024, na walioulipia kwa bei kamili wakabaki na diski zisizofanya kazi. Kisa hicho kilizaa kampeni ya Stop Killing Games, na ombi lake kwa Umoja wa Ulaya likapita saini milioni moja mwaka 2025. Jimbo la California nalo lina sheria, iliyoanza kutumika Januari 2025, inayoyataka maduka ya kidijitali yamweleze mnunuzi wazi kwamba anapewa leseni. Kwa hiyo usajili haukuleta udhaifu huu wa umiliki. Uliukuta, ukauwekea bei ya mwezi.

Jambo linalonisumbua zaidi ni pale mchezo wa zamani unapokuwa hauna njia nyingine ya halali isipokuwa usajili. Nintendo iliwahi kuuza michezo yake ya zamani mmoja mmoja katika maduka ya mashine zake za Wii, Wii U na 3DS. Duka la Wii lilifungwa Januari 2019, na mengine mawili yaliacha kuuza Machi 2023. Leo, sehemu kubwa ya michezo hiyo inayopatikana kwenye Switch, mashine yake ya baadaye, hupatikana kwa msajili wa Nintendo Switch Online peke yake. Mtu anayetaka mchezo mmoja alioucheza utotoni hana budi kulipia mkusanyo wote. Ni kweli kwamba bila katalogi mingi isingepatikana kabisa. Utafiti uliotolewa mwaka 2023 na Video Game History Foundation, taasisi ya Marekani inayohifadhi historia ya michezo ya video, ulionyesha kwamba asilimia 87 ya michezo ya kale iliyotolewa nchini humo haiuzwi tena rasmi popote. Katalogi huokoa kipande cha historia hiyo, lakini ni kile kipande chenye jina kubwa kinachovuta wateja, na hukiokoa kwa muda wa mkataba.

Kwa msomaji wa Lubumbashi kuna gharama ambazo matangazo hayazitaji. Sony haijafungua duka rasmi la PlayStation kwa ajili ya Kongo, hivyo wengi hufungua akaunti kwa anwani ya Ufaransa au ya Marekani, kisha hununua misimbo ya kadi za zawadi kwa wauzaji wa mtandaoni au kwa vijana wa mjini, ambao huongeza faida yao juu yake. Msimbo wa Marekani haufanyi kazi katika akaunti ya Ufaransa, na anayeuza harudishi fedha kwa msimbo uliokwisha kufunuliwa. Baada ya hapo huja upakuaji. Mchezo mkubwa wa kisasa huweza kupita gigabaiti 100, na kwa anayenunua mega kupitia simu, kuushusha mara moja kunaweza kugharimu kuliko ada ya miezi kadhaa. Mchezo ukiondoka katika katalogi kabla hujaumaliza, mega hizo zimekwenda nao.

Kwa hiyo hesabu hutofautiana kati ya mtu na mtu. Mwenye laini ya nyumbani isiyopimwa kwa mega, anayependa kuonja michezo mingi na kuitupa, atapata usajili ni rahisi kupita kiasi. Mwenye chumba cha mtaani ambaye wateja wake hucheza mpira kuanzia asubuhi hadi umeme ukatike, diski moja iliyotumika itamfaa zaidi, na siku ya shida ataiuza. Anayengoja mchezo wa mpira uingie katika usajili ajue pia ratiba ya mchapishaji: FIFA 23 ilitoka Septemba 2022 na ikaingia EA Play Mei 2023, ligi nyingi za Ulaya zikiwa zinafunga msimu, na miezi michache baadaye toleo lililofuata lilikuwa dukani kwa bei kamili.