Breki ya mbele, cheni na chumvi: kuendesha pikipiki Mombasa bila roho mkononi

"Mwalimu, mimi naogopa matatu." Ndivyo wengi wanavyoniambia siku ya kwanza. Kabla sijajibu huwa naiomba pikipiki yao, naisukuma hatua mbili tatu, kisha nabana breki ya mbele. Mara nyingi liva inakuja hadi inagusa usukani na gurudumu bado lazunguka. Hapo matatu inasingiziwa bure. Moyo umeshajua kwamba siku ya kutaka kusimama ghafla chombo hakitasikia, na mtu asiyeziamini breki zake huendesha kwa kujikunyata, pembezoni kabisa mwa lami, pale penye mchanga na vipande vya chupa. Ndiyo maana mimi gereji na mafunzo sivitenganishi.

Nianze na hiyo breki ya mbele, maana imechafuliwa jina. Kila stejini kuna mjuzi wa kumwambia mgeni: "Usiiguse ya mbele, itakupindua." Matokeo yake mtu anakaa barabarani miaka na mguu wake wa kulia ndio breki yake ya pekee. Sasa tazama kinachotokea. Pikipiki ikipunguza mwendo, uzito wote unakimbilia mbele. Tairi la mbele linagandamizwa kwenye lami na kushika zaidi, la nyuma linabaki jepesi. Ukikanyaga ya nyuma peke yake kwa nguvu, gurudumu linajifunga na mkia unaanza kuserereka. Kwenye lami kavu breki ya mbele ndiyo hufanya sehemu kubwa ya kazi. Kinachoangusha watu ni kuinyakua kwa mshtuko, au kuibana huku umelalia kona, au juu ya mchanga.

Mazoezi yake hayana siri. Tafuta lami tupu Jumapili asubuhi, bila abiria, mwendo wa kilomita 20 kwa saa. Gusa kwanza mpaka uone pua ya pikipiki inainama kidogo, ndipo uongeze nguvu, na ya nyuma iisaidie kwa mbali. Mkono ukishazoea, panda hadi 30, kisha 40. Ukiwa kwenye 40 unapita mita 11 kila sekunde, yaani ukishtuka kwa sekunde moja tu, mita 11 zimekwisha na breki hujaigusa. Kwa hiyo nawataka wanafunzi wangu waweke vidole viwili juu ya liva muda wote wawapo mjini.

Kuna dada mmoja, muuguzi, alikuwa kila akibana breki pikipiki inaruka mbele kwanza. Akadhani ni woga. Nikachuchumaa kando yake nikatazama mkono: kiganja kilikuwa kimekunjika kwa nyuma, kifundo kimeshuka chini ya usukani. Kila vidole vilipoifuata liva, kiganja kilizungusha eksileta na kufungua mafuta. Liva yenyewe ilikuwa imefungwa juu mno. Nililegeza boliti yake, nikaiteremsha mpaka mkono, kifundo na vidole vikakaa mstari mmoja, nikakaza. Tatizo likaishia hapo. Ukinunua pikipiki, hata iwe mpya ya dukani, liva zipangwe kwa mkono wako wewe.

Jambo la pili ni mwendo wa kobe. Foleni ya Mwembe Tayari au ya kuingia Kongowea haitaki kasi, yataka mizani. Klachi iwe pale inapoanza kushika, mafuta kidogo na yasibadilike, breki ya nyuma iguswe kwa mbali, macho yatazame mbele wala si gurudumu. Anayeweza kwenda pole kuliko mtembea kwa miguu bila kuteremsha mguu, huyo nampeleka barabara kubwa kwa amani. Asiyeweza, mara nyingi naangalia cheni kwanza. Cheni iliyolegea huifanya pikipiki ishtuke kila ukifungua na kufunga mafuta, na mtu anajiona hajui kuendesha.

Ukishaingia barabarani, jifunze kusoma watu kuliko kusoma taa. Matatu itasimama bila indiketa, lakini manamba hatasahau kugonga bodi na kuning'inia mlangoni. Ukimwona ameshatoa mguu nje, punguza. Tuktuk itazame gurudumu lake la mbele, kwa kuwa hugeuka papo kwa papo, na gurudumu husema kabla ya dereva. Ukiwa nyuma ya gari lolote usikae katikati kabisa, maana huko ndiko oili inakodondoka na ndiko shimo litakakokushtukiza likitokea chini ya uvungu wake.

Matrela ni habari nyingine. Kuanzia Changamwe hadi Miritini, kontena za bandarini ndizo wenye barabara. Dereva wa trela ameketi kulia, na ubavu wake wa kushoto ni kiza kitupu. Usipouona uso wake kwenye kioo chake, na yeye hakuoni. Akianza kukata kushoto, tairi zake za nyuma hazifuati njia ya zile za mbele, hukata kwa ndani, na hapo ndani ndipo boda anapopenda kujipenyeza. Mimi hapo husubiri, hata nyuma yangu wapige honi mpaka wachoke.

Kwenye daraja la Nyali upepo wa kusi hukupiga ubavuni hasa unapotoka kwenye kivuli cha basi. Usiukamate usukani kwa nguvu. Legeza mikono, bana tangi kwa magoti. Likoni, teremka kuingia kwenye feri ukiwa gia ya kwanza na pikipiki ikiwa imesimama wima, bila kukata kona juu ya chuma kilicholowa. Maji yakipwa mteremko huwa mkali zaidi, basi mpe nafasi aliye mbele yako mpaka amalize. Na mvua za masika zikianza, dakika za mwanzo ndizo mbaya kupita zote: vumbi na oili vinaelea, na ile michoro myeupe ya kivuko cha waenda kwa miguu huteleza vibaya sana. Ukipita kwenye dimbwi refu, gusa breki taratibu mita kadhaa baada ya kutoka, kwani dramu, ile bakuli ya breki iliyo katikati ya gurudumu, ikiwa na maji haishiki.

Tuje kwenye chumvi. Hewa yetu hula chuma usiku na mchana. Waya wa breki na wa klachi hupata kutu ndani ya ganda lake, liva inakuwa nzito, na watu hudhani ndiyo kawaida ya pikipiki kuukuu. Fungua upande wa juu, dondosha oili nyepesi polepole mpaka uione inatokea chini. Kwenye mkono wa dramu ya nyuma pikipiki nyingi zina mshale mdogo: ukikanyaga breki na mshale ukafika kwenye alama, breki shuu, zile zinazobana ndani ya dramu, zimekwisha, usikaze tena.

Cheni isafishe kwa brashi na mafuta ya taa, injini ikiwa imezimwa. Nasisitiza imezimwa, kwa sababu mtindo wa kuweka gia na kuacha gurudumu lizunguke lenyewe umeshawakata watu vidole. Kausha, kisha paka oili ya gia namba 90. Oili chafu ya injini ina unga wa chuma, na grisi nene hubaki juu ikikusanya mchanga wa pwani, huku ndani ya viungo kukavu. Kwa anayefanya kazi kutwa, fanya hivi kila wiki. Oili ya injini nunua ya pikipiki, si ya gari, kwa kuwa klachi inaogelea ndani yake na oili nyingine za magari huifanya iteleze. Upepo wa tairi ufuate kibandiko cha pikipiki yako, na upimwe asubuhi kabla ya safari.

Ukikaza cheni, zungusha gurudumu na upime sehemu kadhaa, maana haichakai sawasawa. Pikipiki nyingi za kazi hutaka ichezecheze milimita 20 hadi 30 katikati ya upande wa chini. Alama za kulia na kushoto kwenye ekseli zilingane. Klipu ya kile kiungo kinachounganisha ncha mbili za cheni, ule upande wake uliozibika, uelekee kule cheni inakokwenda. Na ukishasogeza gurudumu la nyuma, breki yake nayo imebadilika: irekebishe pedeli, hakikisha taa ya breki inawaka unapokanyaga na inazima unapoachia, ndipo ulipe fundi.